Kinanda kimepanda Rombo, bima imebaki Pasua!

Wiki hii ukurasa ni wa wale wanaokula kwa vidole na mapafu yao: wapiga vinanda, wacharaza magitaa, wapuliza matarumbeta na madijei wa Moshi mjini na kule juu migombani. Wengine msifunue ukurasa wa pili haraka. Huyo jamaa anayewapigia muziki kwenye harusi akilizwa chombo chake, nyie ndio mtakaocheza kwa kupigiana makofi.

Swali lenyewe ni fupi. Hicho kinanda ulichokinunua kwa kujinyima mwaka mzima, kikiibwa Jumamosi usiku huko Mkuu Rombo, Jumatatu utakula nini?

Wengi watajibu, "Mungu yupo." Sawa, yupo, lakini mwenye duka la vyombo hakopeshi kwa jina lake.

Anayeijua Moshi anaijua Desemba. Mabasi kutoka Dar yanashusha watu usiku na mchana, magari ya namba za kila rangi yanapandisha Kibosho, Machame, Marangu na Tarakea, na kila kihamba kina turubai. Harusi, kipaimara, kutoa mahari, kumbukumbu ya babu, yote yanabanwa ndani ya wiki mbili tatu. Ndafu inakatwa, mbege inazunguka, na mtu wa muziki anatafutwa kuliko daktari. Kwa vijana wengi wa muziki hapa mjini, mshiko wa Desemba ndio unaolipa kodi ya chumba mpaka Pasaka.

Sasa hebu kifuate chombo safari moja tu. Kinatoka Pasua saa nane mchana, kimelazwa nyuma ya kirikuu kikiwa kimefunikwa shuka. Kinafika Himo, kinapanda Mwika, kinaingia njia ya vumbi au ya tope kutegemea mbingu imeamkaje. Kinashushwa na vijana wawili ambao tayari wamepata kata moja ya mbege. Kinachomekwa kwenye umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, kisha jenereta la kukodi. Saa sita usiku mjomba wa bwana harusi anakuja kuomba wimbo wake, mkononi ana glasi, na glasi inainama juu ya miksa. Saa tisa usiku kila mtu kalewa au kasinzia, vitu vinarudishwa garini gizani, na mnasimama Himo kula chipsi. Gari liko nje peke yake. Mkirudi, begi la kinanda halipo!

Hizo ndizo hatari za mtu wa muziki wa Kilimanjaro. Angalia zinatokea wapi: barabarani, ukumbini, kwenye turubai la watu, nje ya mgahawa. Karibu hakuna hata moja inayotokea chumbani kwake Pasua. Shika hapo, tutaparudia.

BENDI YA SHIRIKA LA BIMA

Wazee wetu wa dansi hawakuwa na presha hii. Miaka ya 1970 na 1980 vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. JUWATA Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa CCM, Mlimani Park ikaja kuwa ya DDC. Na kali kuliko zote, Shirika la Bima la Taifa lenyewe lilikuwa na bendi! Ndiyo, Orchestra Bima Lee, ile waliyoimbia akina Jerry Nashon 'Dudumizi' na Shaaban Dede, ilikuwa bendi ya shirika la bima. Fikiria mpiga gitaa ambaye bosi wake ndiye mwenye gitaa, na bosi huyo huyo kazi yake ni kulipa watu hasara. Raha gani hiyo!

Lakini raha hiyo ilikuwa na bei yake. Mwanamuziki akikosana na uongozi aliondoka na sauti yake tu. Mwaka 1985 Muhidin Gurumo na wenzake walipotoka Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima, walitoka kwenye vyombo vya bwana mmoja wakaenda kwenye vyombo vya bwana mwingine.

Siku hizi kibao kimegeuka. Kijana wa Majengo au Kiboriloni ananunua kinanda chake, spika zake na maiki zake, tena vingine vimevuka Holili kutoka Nairobi. Yeye ndiye bendi, ndiye meneja, ndiye stoo. Faida yote yake. Na chombo kikipotea, hasara yote yake.

Bima nayo imegeuka. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya mwaka 1967 likawa ndilo lililoshika soko lote. Hukulipenda, ulikuwa huna pa kwenda. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua mlango kwa kampuni binafsi, na sheria ya mwaka 2009 ikaleta TIRA, mamlaka inayosimamia biashara hiyo yote. Leo kampuni ni nyingi, mawakala wapo mjini, hata baadhi ya benki zinauza bima dirishani. Kwa hiyo ukisema hujui pa kwenda, nitakucheka kidogo.

Na usidhani kulizwa ni kwa watu wa kirikuu tu. Mwaka 1999 Yo-Yo Ma, mpiga cello anayejulikana dunia nzima, alisahau cello yake kwenye buti ya teksi mjini New York. Ilitengenezwa mwaka 1733 na thamani yake ilitajwa kuwa dola milioni 2.5! Ilipatikana siku hiyo hiyo kwa sababu alikuwa na risiti ya teksi. Mwaka 2004 cello nyingine, ya fundi Stradivari ya mwaka 1684, iliachwa usiku kibarazani mwa nyumba huko Los Angeles ikabebwa na mwizi. Mwanamke mmoja aliiokota karibu na pipa la taka na, bila kujua ni nini, akafikiria kumpa mpenzi wake aigeuze kabati la kuwekea sidii. Ilinusurika chupuchupu.

Halafu yupo Dave Carroll wa Kanada, ambaye mwaka 2008 gitaa lake lilivunjika mikononi mwa wapakuaji mizigo wa shirika la ndege la United. Matengenezo yalimgharimu dola 1,200. Alihangaika na shirika kwa miezi bila kulipwa, akaamua kutunga wimbo wa kuwasema. Wimbo ulipotoka mwaka 2009 ulitazamwa na mamilioni, na ndipo shirika likazinduka. Safi sana, lakini si kila anayevunjiwa gitaa ana uwezo wa kutunga wimbo wa kutikisa dunia.

UNAINGIA OFISINI

Haya, umevaa shati safi, umeingia ofisi ya bima pale mjini. Unasema unataka bima ya kinanda. Dada wa mapokezi anakutazama kama vile umeomba bima ya kuku. Usikate tamaa. Usitegemee kukuta bango limeandikwa Bima ya Magitaa. Unachotafuta kipo, ila kina jina jingine, na hapa ndipo vijana wengi wanapoingizwa mjini bila mtu yeyote kuwadanganya.

Ya kwanza watakayokuonyesha ni bima ya moto. Hiyo inalinda vitu vilivyomo ndani ya nyumba iliyotajwa kwenye mkataba. Nyumba ikiungua Pasua na kinanda kimo ndani, unalipwa. Turubai likiungua Mamba na kinanda kimo ndani, pole.

Ya pili ni bima ya uvunjaji na wizi. Hii nayo mara nyingi inataja jengo, na inataka kuwe na dalili ya kuvunja: kitasa kimeng'olewa, dirisha limepasuliwa. Ukiacha mlango wazi ukaenda kununua vocha, kibaka akapita kama mgeni wako, hakuna kilichovunjwa na kampuni itakuuliza hivyo hivyo.

Halafu kuna watu wanaojidanganya na stika ya gari. "Mbona dereva wangu ana bima!" Bwana wee, bima ndogo inamlinda yule atakayegongwa. Bima kubwa inaongeza na gari lenyewe. Kinanda kilichoko nyuma ni mzigo tu, na mzigo unataka bima yake.

Inayokufaa ni ile wanayoiita bima ya hatari zote. Inakatiwa kitu chenyewe, kimoja kimoja, kwa jina na namba yake, na inaweza kukifuata popote mtakapokubaliana: Moshi tu, Tanzania nzima, au hadi Kenya kama huwa unavuka Taveta kupiga harusi. Inalipa wizi, inalipa ajali, inalipa mbege ya mjomba iliyomwagika kwenye miksa, ilimradi haimo kwenye orodha ya vilivyokataliwa. Neno la kulisikiliza ukiwa pale kaunta ni hili: kinalindwa wapi? Kama karatasi inataja anwani moja tu ya Pasua, umenunua bima ya kinanda kilicholala. Kinanda chako hakilali.

Ile orodha ya vilivyokataliwa isome kabla ya kulipa, tena ukiwa umeketi. Mara nyingi utakuta kitu kilichoachwa ndani ya gari lisilo na mtu hakilipwi, au kinalipwa tu kama gari lilifungwa na kitu hakikuonekana kwa nje. Kumbuka chipsi za Himo. Utakuta wizi uliofanywa na mtu wako mwenyewe, yule kijana wa kubeba spika, haumo. Utakuta kitu kilichoonekana tu kwamba hakipo, hujui kilipotea lini wala wapi, hakimo. Kuchakaa hakumo, nyuzi kukatika hakumo, na chombo kuungua kwa ndani kwa sababu ya umeme mara nyingi nako hakumo mpaka uombe kiongezwe kwa pesa ya ziada. Kwa umeme wetu na majenereta ya kukodi, omba.

Na kama chombo unakitumia kupata pesa, sema. Wapo wanaodai ni cha kujifurahishia nyumbani ili walipe kidogo. Siku ya kudai, picha za harusi ishirini ulizopiga zinamwagwa mezani, na mkataba unakufa pale pale. Bima inasimama juu ya ukweli. Ukiificha kampuni jambo kubwa, umeipa mlango wa kutokea.

HESABU YA KUUMIZA KICHWA

Tuje kwenye noti. Tuseme chombo chako kina thamani ya shilingi milioni 4, na kampuni inakutoza asilimia 2 kwa mwaka. Huo ni mfano wangu, kila kampuni ina bei yake. Hiyo ni elfu 80, weka na VAT juu yake, unakaribia laki moja. Gawa kwa miezi 12, ni kama elfu 8 kwa mwezi. Kuna watu wanamaliza hiyo kwa vocha na soda za wapambe.

Kijana mjanja anasema, aa, nitaandika milioni 2 ili nilipe nusu. Sikiliza kitakachompata. Spika zinaanguka, hasara ni milioni 1. Anafikiri atalipwa milioni yake nzima kwa sababu iko chini ya milioni 2. Kampuni inasema hivi: chombo ni cha milioni 4, wewe ulikatia bima nusu, basi nusu nyingine ulikuwa unajibebea mwenyewe. Hasara ya milioni 1 inakatwa nusu, anapewa laki 5. Kisha wanatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho kila mteja anajilipia kwenye kila hasara. Anaondoka na kitu cha kukausha machozi tu. Sheria hiyo imo kwenye mikataba mingi na imewaliza wafanyabiashara wakubwa, sembuse mpiga kinanda.

Uliza pia watalipa bei gani. Wapo wanaolipa kwa kuangalia kilivyochakaa, na kinanda cha miaka sita watakihesabu kama cha miaka sita. Wapo mnaokubaliana thamani mapema na inaandikwa. Kwa gitaa zuri la zamani, ambalo bei yake inapanda kadiri linavyozeeka, hiyo ya pili ndiyo ya kung'ang'ania.

Huna risiti kwa sababu ulinunua kwa mshikaji aliyenunua kwa mshikaji? Nenda kwa mwenye duka la vyombo akuandikie makadirio yenye mhuri. Piga picha kila upande, pamoja na ile namba ya kiwandani iliyoko chini au nyuma. Kama kilivuka mpaka, tunza na karatasi za forodha.

MATARUMBETA YA USHARIKA

Huwezi kuzungumzia vyombo vya muziki Kilimanjaro ukaruka matarumbeta. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, wakafuata Mamba na Old Moshi, na Walutheri wa Kijerumani popote walipokwenda walipenda kupuliza shaba. Mpaka leo huku milimani jeneza linashuka kaburini na bibi harusi anaingia kanisani kwa matarumbeta, tromboni na lile dude kubwa linalonguruma kama ng'ombe. Vingine vya zamani, vimepondwa na kunyooshwa mara kadhaa, na bado vinalia!

Shida yake ni ya aina nyingine. Chombo ni mali ya usharika, lakini kinalala kwa mpulizaji, chini ya kitanda, kwa sababu mazoezi ni jioni na mazishi hayapigi hodi. Kikipotea, ni cha nani? Kanisa linasema wewe ulikuwa nacho. Wewe unasema ni cha kanisa. Na kama mwalimu wa bendi alikikatia bima kwa jina lake, kampuni inaweza kumuuliza: wewe ulipoteza nini, wakati mali si yako? Anayekata bima awe ni mwenye mali, yaani usharika, na mkataba utaje kwamba vyombo vinakaa kwa wapulizaji na vinatembea kwenye misiba na harusi. Vinginevyo mtakuwa mmekatia bima kabati tupu la kanisani.

Kuna adui mwingine ambaye bima haimgusi, naye ni hali ya hewa. Moshi mjini joto linakukausha, ukipanda hadi lango la Marangu uko juu ya mita 1,800 na ukungu unakulowesha. Gitaa la mbao likifanya safari hiyo kila wiki, shingo inapinda na gundi inaachia taratibu. Kampuni itasema hiyo si ajali, ni uzee. Dawa yake ni begi gumu, na kuacha gitaa lipumue kidogo kabla ya kulifungua.

Kwa mbao tuna jambo la kujivunia kidogo. Klarineti na obo za Ulaya, ambazo wenyewe wanazikatia bima mpaka za kupanda ndege, nyingi zinachongwa kwa mpingo, na mpingo ni wetu. Hapa hapa Moshi, tangu mwaka 1996, mradi ulioanzishwa na Sebastian Chuwa na Mmarekani James Harris umekuwa ukiotesha miche ya mpingo. Mti unaota huku, sauti inalindwa huko.

Basi yametokea. Umelizwa. Usianze kuzunguka na washikaji kumtafuta mwizi mpaka Jumatano. Nenda polisi usiku huo huo au asubuhi, upate RB. Kituo kiwe cha pale kilipoibiwa; kama ni Himo, ni Himo, si cha karibu na kwenu. Halafu ijulishe kampuni mara moja kwa simu, na kwa maandishi baadaye, maana mkataba una siku zake na siku hizo hazikungoji. Kama kimevunjika, usikipeleke kwa fundi kabla mkadiria hasara hajakiona. Piga picha kikiwa vile vile, mbege na yote.

Kabla ya hayo yote, siku unapokata bima, hakikisha kampuni au wakala amesajiliwa TIRA, na pesa umelipa kwenye akaunti ya kampuni ukapewa risiti. Ahadi ya "nitakulipa mwisho wa mwezi" haijawahi kumfidia mtu. Na kampuni ikikunyima haki yako, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa sheria ile ya mwaka 2009 ili mteja mdogo asianze na mahakama. Beba mkataba, RB na barua yao ya kukataa.

Limebaki moja, na ndilo litakalokukuta wiki hii. Mikataba mingi haitambui chombo ulichomwazima au kumkodisha mtu mwingine bila kuwaambia. Kwa hiyo mshikaji akibisha hodi Ijumaa jioni, anataka kinanda cha saa mbili tu, kuna kipaimara Uru, atarudisha asubuhi, mwambie akae kwanza unywe naye chai. Wakala wako anapokea simu mpaka saa kumi na moja.